Kiingereza nimekikuta darasani. Naweza kuwaongoza wengine?

SWALI: Nasoma shahada ya pili Ohio, Marekani. Nimeombwa kuongoza kikundi cha mazungumzo ya Kiingereza cha wanafunzi wa kigeni, saa moja kila wiki. Wengi ni Wachina. Mimi mwenyewe Kiingereza nimejifunza shuleni Mbeya, nahofia wataniona najifanya. Nianzie wapi?
Msomaji, Ohio

JIBU: Dada, kubali. Lafudhi ya Kimarekani wanaisikia kutwa madukani na darasani. Wanachokosa ni mtu wa kuwafungua midomo, na wewe unajua ulimi hukwama wapi. Mchina akisema "my mother, he is a nurse", Mmarekani atashangaa. Wewe hutashangaa: Kichina cha kuzungumza kina "ta" kwa mwanamume na mwanamke, kama "yeye" yetu. Usimkatize, andika daftarini. Dakika 5 za mwisho weka ubaoni makosa manne au matano, bila majina, wayasahihishe wenyewe.

Watu wawe 6 hadi 8. Waanze wawili wawili kwa dakika 10, maana mwenye haya huongea kwa mmoja kabla ya kuongea kwa wote. Swali kama "Do you like Ohio?" litajibiwa "yes", na mazungumzo yameishia hapo. Njoo na kitu cha kushika. Chukua mkataba wa kupanga chumba: mmoja awe mpangaji ambaye bomba lake linavuja, mwingine mwenye nyumba asiyetaka kutengeneza. Hapo watabishana kwelikweli, na maneno hayo watayahitaji mwezi huohuo.

Kinachowashinda viongozi wengi ni kimya. Ukishauliza, hesabu moyoni hadi 7. Mtu bado anapanga sentensi kichwani. Ukikijaza kimya hicho wewe, baada ya wiki chache watakaa kukusikiliza tu.

Kwa matamshi yako, chunga zaidi mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kiingereza huhamahama: PHOtograph, lakini phoTOgrapher. Mkazo ukikosewa, neno linaweza lisieleweke hata kama kila herufi umeitamka. Usiku wa kuamkia kikao, sikiliza maneno ya mada kwenye kamusi ya Cambridge ya intaneti. Ina matamshi ya Uingereza na ya Marekani.

Ukiulizwa kanuni usiyoijua, usibuni. Fungueni kamusi pamoja, au ahidi jibu wiki ijayo na ulilete kweli. Wakikukamata umebuni, hata la kweli watalitilia shaka.

SWALI: Katika kikundi changu cha mazungumzo ya Kiingereza, wawili wa nchi moja kila mara wanarudi kwenye lugha yao. Niwakemee?
Msomaji, Ankara

JIBU: Hapana. Gawa kadi za namba mlangoni, kila mtu akae kwenye namba yake. Wakiwa wote wa lugha moja, wape dakika 2 wajadili kwa lugha yao, kisha kila mmoja aeleze kwa Kiingereza alichosema mwenzake.