Diski ikigoma kufunguka, usikimbilie kuifomati

Fundi, shikamoo. Marehemu baba alitumia Mac na ametuachia diski ya nje yenye picha za familia. Nikiichomeka kwenye kompyuta yangu ya Windows, inanitaka niifomati. Nikubali?

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Usikubali! Funga hicho kidirisha, chomoa diski. Haijafa. Mac hupanga faili kwa mfumo wa HFS+ au ule mpya wa APFS ulioingia kwenye Mac mwaka 2017, na Windows peke yake haijui kusoma wowote kati ya hiyo miwili. Ikikuta mpangilio isiyoutambua, huomba kufomati. Ukiiruhusu, orodha inayoonyesha kila picha ilipo inafutika, na kuzirudisha ni gharama isiyo na hakika. Diski nyingi ninazoletewa zilikuwa nzima mpaka mtu alipobonyeza kitufe hicho.

Azima Mac kwa mtu unayemwamini, unakili picha zote kwenye diski iliyofomatiwa kwa exFAT, mfumo ambao Mac na Windows zote huusoma, kisha nakala ya pili kwenye diski nyingine. Picha za marehemu haziachwi mahali pamoja. Mac isipopatikana, jaribu HFSExplorer, programu ya bure inayosoma HFS+ ndani ya Windows. Haiandiki chochote kwenye diski, ndiyo maana naiamini kwa mzigo kama huu. Kama diski ni ya APFS, hiyo haitakusaidia. Rudi kwenye Mac.

Flashi yangu ina nafasi ya GB 30, lakini inakataa video ya GB 6. Imejaa nini?

Haijajaa. Imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT. Windows, Mac na Linux za miaka ya karibuni zote husoma na kuandika humo. Ila exFAT huumia ukiichomoa ghafla, kwa hiyo itoe kwa utaratibu kila mara. Redio nyingi za magari nazo haziijui. Kwa nyimbo za garini baki na flashi ndogo ya FAT32.

Nina Windows na Ubuntu, aina ya Linux, kwenye kompyuta moja. Nikiwa Ubuntu naona faili za Windows, lakini siwezi kuhifadhi kitu humo.

Windows yako haikuzimika, ililala. Kuna mpangilio wa kuwaka haraka unaoiacha nusu macho hata ukiizima, na Ubuntu ikiikuta hivyo hufungua NTFS, mfumo wa faili wa Windows, kwa kusoma tu ili isiharibu kitu. Inakulinda, usiilazimishe. Zima mpangilio huo kwenye sehemu ya umeme ya Windows. Ukiwa na haraka leo, chagua kuwasha upya badala ya kuzima, halafu ingia Ubuntu moja kwa moja.

Mac yangu inafungua diski ya NTFS ila hainiruhusu kuongeza faili. Ni virusi?

Hapana. Mac husoma NTFS bila kuiandika. Nakili unachotaka, ukifanyie kazi kwenye Mac, ukirudishe kwa flashi ya exFAT.