Kwa nini tundu la shavu halizibwi siku hiyo hiyo

Dada wa Kasulu, umeuliza kwa nini mtoto wa kaka yako, aliyeliwa shavu na noma (ugonjwa unaoozesha nyama ya mdomo na uso, si noma ya kijiweni), amerudishwa nyumbani akiwa bado na tundu. Hawajamtupa. Nyama iliyo pembezoni mwa kidonda kipya ni dhaifu, ukiishona leo inaachia kesho. Kwa kawaida husubiriwa miezi 6 hadi 12 baada ya ugonjwa kuzimika, mtoto ale, aongeze damu na uzito.

Halafu shavu si kiraka cha suruali. Lina pande mbili: ngozi ya nje na utando wa ndani unaoloa mate. Ukiweka ngozi nje tu, ndani panasinyaa na mdomo unakaza. Ndiyo maana huchukuliwa kipande cha ngozi na nyama kikiwa na mishipa yake ya damu, pengine kutoka kwenye paji la uso au kifuani, na kazi huenda kwa awamu. Mfupa wa taya ukiwa umeondoka, huazimwa ule mwembamba wa mguuni, na mtu anatembea vizuri tu bila huo.

Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni taya kuganda. Je, anafungua mdomo? Kama vidole viwili havipiti, mwambie daktari mapema, maana hata mpira wa kupumulia wakati wa usingizi wa upasuaji unakuwa shida kuupitisha. Anzieni hospitali ya Maweni pale Kigoma mjini, mwombe rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Muhimbili wapo.