Meza ikikimbia sensa zinapotea: ninunue slipringi mpya?

SWALI: Assalaam alaikum fundi. Nipo Unguja, kiwanda cha maji ya chupa. Juu ya meza inayozunguka tuna mota ndogo za kukaza vizibo, sensa na vali za hewa. Tangu tuongeze kasi, sensa zinakata mawasiliano halafu zinarudi, lakini mota zinakwenda vizuri. Muuzaji ananishauri slipringi (kiungo cha pete na brashi kinachopitisha umeme na data hadi sehemu inayozunguka) ya kisasa yenye umeme, data na hewa ndani ya kasha moja. Bei yake si mchezo. Nichukue?

JIBU: Waalaikum salaam. Pesa ziache kwanza. Mashine inayotulia ikienda polepole na kukorofika ikikimbia, aghalabu shida iko kwenye ufungaji, au data imepakana na umeme wa mota.

Slipringi hukazwa upande mmoja tu. Ule mwingine huzuiliwa usizunguke, kwa kibati chenye mwanya kinachoegemea pini, nacho lazima kicheze kidogo. Mafundi wengi hawapendi kuona kitu kinacheza, wanakikaza pande zote mbili mpaka kinyamaze. Ndipo balaa linapoanza: shafti hainyooki sawasawa hata siku moja, basi kila mzunguko beringi zinavutwa na brashi zinaruka juu ya pete. Mota haijali mkatiko mfupi kiasi hicho, ila data inapotea palepale. Mita ya mkononi nayo haiwahi kuuona, kwa hiyo ukipima ukakuta sawa, usijipe moyo.

Ukishakagua hapo, zima inveta (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) ya mota za vizibo, zungusha meza tupu kwa kasi ileile, kisha tazama hesabu ya makosa kwenye swichi ya mtandao. Makosa yakikoma, mchafuzi ni inveta. Waya za mota ziwe na wavu wa kinga uliofungwa ethi, zipite mbali na za data, na hata ndani ya slipringi makundi hayo mawili yasikae pete kwa pete. Makosa yakibaki, ni brashi, pete au ufungaji. Kabla ya kufungua, kata umeme, tia kufuli, na isubiri inveta. Ndani yake umeme hubaki kwa dakika kadhaa. Pete za data zikiwa na ngozi ya dhahabu, msasa usizikaribie kabisa.

Sasa hiyo ya kasha moja. Ni nzuri pahala penye nafasi finyu, lakini mimi kwa visiwani naiogopa kidogo: sili ya hewa (kizibo kinachozuia isivuje) ikichakaa, unashusha kasha zima na mashine inalala ikisubiri meli. Hewa yenye maji kutoka kompresa nayo inaweza kupenya mpaka kwenye pete. Ukiamua kuichukua, hakikisha sehemu ya hewa inabadilishwa peke yake, na tia chujio la maji kabla yake.

Muulize muuzaji pia kipenyo cha pete. Kwa mizunguko 300 kwa dakika, pete ya milimita 200 husuguliwa kwa mita 3 na ushei kila sekunde. Ya milimita 60 haifiki mita 1. Kama ncha ya shafti iko wazi, chukua ndogo ya kufunga hapo. Mtandao wa megabiti 100 unataka njia 4 za pete, wa gigabiti 8. Kwa kuwa mnaosha mashine kwa maji, kasha la IP51 halitawafaa (IP ni daraja la kinga dhidi ya vumbi na maji). IP65 linahimili, ila sili zake huongeza msuguano, kwa hiyo soma kikomo cha kasi cha kasha hilohilo, si cha lile lililo wazi.