Maswali ya Wasomaji: Kalori za soda na kalori za mayai ni zile zile?

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mkubwa, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Chake Chake, nina miaka 39. Tangu nijifungue huyu wa mwisho nimeongezeka kilo 11. Shemeji yangu aliyeko Unguja kanitilia programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, akaniambia: "Shemeji, kalori ni kalori. Kula ukitakacho, usipite 1,500 tu." Nikafuata. Asubuhi chai ya maziwa na kaimati sita, saa nne soda, mchana wali kiganja kimoja ili hesabu isipite, usiku chai na biskuti. Wiki ya sita sasa. Nilipungua kilo moja, imerudi, na njaa niliyonayo sijapata kuiona hata Ramadhani. Saa tano usiku nimesimama jikoni nakwangua ukoko. Mavyaa wangu tunakaa naye nyumba moja. Yeye asubuhi anakula muhogo na samaki, hahesabu kitu, na hadi adhuhuri hajauliza chakula. Nauliza: kalori za kaimati na kalori za samaki mwilini ni zile zile? Au mimi ndiye mwenye kasoro?
Mama wa Wanne, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu ssalaam, na marahaba mwanangu. Naanza na la mwisho: kasoro huna. Barua yako niliisoma mara tatu, na pale pa ukoko nikaiweka chini kidogo. Miaka zaidi ya 30 niliyofanya uuguzi hapa Pemba, wanawake wengi wamekaa mbele yangu wakilia kwamba hawana subira, kumbe chakula walichopangiwa ndicho kilichokuwa kikiwatia njaa. Na wengine, namuomba Mungu msamaha, niliwapangia mimi mwenyewe kwa karatasi ya hesabu niliyopewa nikiwa kijana. Niligawa karatasi ile miaka mingi kabla sijaanza kuwauliza watu wanajisikiaje saa mbili baada ya kula.

Shemeji yako hakusema uongo, ila amekupa nusu ya jambo. Kalori ni kipimo cha joto. Hiyo tunayoisoma kwenye paketi ni joto la kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja. Hesabu za programu yako asili yake ni kazi ya mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Middletown, Connecticut, mwishoni mwa karne ya 19. Alikichoma chakula ndani ya chombo akapima joto lake, akapima na kile kinachotoka mwilini bila kutumika, akapata wastani: gramu moja ya protini kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Ni kazi kubwa, na mpaka leo tunaiegemea. Lakini ni wastani. Na chombo kile cha kuchomea hakikuwahi kuona njaa saa tano usiku.

Chukua soda yako ya saa nne. Chupa ya mililita 350 ina kalori kama 140 hadi 150. Mayai mawili ya kuchemsha yana karibu hizo hizo. Kwenye simu utaona mistari miwili iliyo sawa. Sasa vifuate vikishuka. Soda ni maji na sukari, haina cha kutafuna wala cha kusubiri. Inapita tumboni mbio, sukari inapanda kwenye damu, insulini inatoka kuishusha. Na karibu nusu ya sukari ile ni fruktosi, ambayo mzigo wake mkubwa hulifikia ini, na ini likiletewa nyingi kila siku hugeuza ziada kuwa mafuta. Mayai yamekuja na protini gramu 12 hivi. Hizo zinakaa, na utumbo unatoa homoni zinazopeleka habari kwenye ubongo kwamba chakula kimefika. Tena kuisaga protini kuna gharama yake: katika kalori 100 za protini mwili hutumia 20 hadi 30 kwa kazi hiyo tu, za wanga 5 hadi 10, za mafuta hazizidi 3.

Gharama hiyo, mwanangu, isikutie tamaa. Kwa mayai mawili ni kalori kumi na kitu, basi. Nimeona vijana wakiuziwa makopo ya unga wa protini kwa fedha ya kununulia mbuzi, kwa hoja hii hii, na inaniuma. Jambo zito liko kwenye shibe.

Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake, wa taasisi za taifa za afya za Marekani, walitoa matokeo ya kazi ambayo ningependa kila mwenye programu ya kalori aijue. Waliwaweka watu 20 kituoni kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya kiwandani vya kufungua paketi, wiki mbili vyakula vilivyopikwa kutoka vitu vyake vya asili. Milo ya pande zote mbili ililinganishwa kwa kalori zilizowekwa mezani, kwa sukari, kwa mafuta na kwa nyuzinyuzi, na kila mtu akaambiwa ale atakavyo. Kwenye vile vya kiwandani walikula kalori zipatazo 500 zaidi kila siku, na wakala kwa haraka zaidi. Wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vya kupikwa wakapungua karibu kiasi hicho hicho.

Hapo kanuni ya shemeji haikuvunjika, kwa sababu walioongezeka ni kweli walikula zaidi. Lakini hakuna aliyewaamrisha wale zaidi. Chakula chenyewe kiliwavuta, kama biskuti zako zinavyokuvuta mpaka kwenye ukoko.

Mimi hili nililiona kabla sijalisoma. Nimekulia Ole, na msimu wa karafuu nyumba nzima ilikuwa mkarafuuni. Mama alikuwa anatupa muhogo wa kuchemsha na dagaa au kipande cha samaki wa jana, chai kavu ya mchaichai, tunaondoka alfajiri. Kaka zangu wanapanda, sisi wasichana tunakaa jamvini tunachambua karafuu na vikonyo, na hakuna aliyetaja chakula mpaka adhana ya adhuhuri. Siku ambazo muhogo ulikosekana tulipewa boflo na chai yenye sukari nyingi. Siku hizo saa nne mikono ilikuwa inatetemeka juu ya karafuu, na mama alikuwa anajua, anatuletea kitu kwenye kawa bila kuombwa. Mavyaa wako anakula kile alichokuwa akitulisha mama yangu. Kaa naye asubuhi, sahani moja.

Na umbo la chakula nalo lina neno lake, hata kikiwa kitu kimoja. Wiki iliyopita nilikamua machungwa manne, yakajaza gilasi moja, nikaimaliza kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Kesho yake nikachukua manne mengine, nikayamenya kwa kisu, nikakata kichwa cha la kwanza nikalifyonza, nikala na nyama yake na lile jeupe. La pili nikalila polepole. La tatu nikaliacha nusu, taya zimechoka na tumbo limejaa. La nne mjukuu wangu ndiye aliyelila. Uingereza mwaka 1977 watafiti walilipima jambo kama hili kwa matufaha: matufaha mazima, yaliyopondwa, na juisi yake, wanga ukiwa sawa kwa wote. Juisi ilimalizwa kwa haraka mara 11 kuliko tufaha zima, ikashibisha kidogo kuliko vyote, na insulini ikapanda zaidi kuliko kwa tufaha zima.

Kuna na vyakula ambavyo hesabu ya kitabu haifiki yote mwilini. Lozi zilipimwa na watafiti wa kilimo wa Marekani mwaka 2012. Gramu 28, ambazo kwa hesabu ya Atwater ni kalori zipatazo 170, ziliwapa walaji 129 tu. Meno hayavunji kila chembe ya lozi, na mafuta yaliyofungiwa ndani yanapita mpaka chooni. Zikisagwa laini kama siagi, mafuta hayo yanapatikana. Na kwa kaimati zako programu inabahatisha tu. Haijui unga wako umenyonya mafuta kiasi gani karaini, wala shira umeichovya mara ngapi. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori 120. Kaimati sita za mpishi mmoja si kaimati sita za mwengine.

Sasa najua shemeji akilisoma hili atakwambia acha wali kabisa, wanga ndio adui. Usimsikilize. Chuo kikuu cha Stanford mwaka 2018 kilitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa mwaka mzima, nusu wakipunguza wanga, nusu wakipunguza mafuta. Wote walipungua, kilo 5 hadi 6 kwa wastani, na tofauti baina ya makundi haikuwa ya maana. Wote walihimizwa mboga kwa wingi, sukari na unga uliokobolewa wavipunguze, na hawakupewa idadi ya kalori ya kufuata. Wali wa Pemba haujamdhulumu mtu. Umeupunguza mpaka kiganja kimoja, kisha usiku ukaenda kuutafuta chini ya sufuria.

Ningekuwa mimi ni wewe, programu ningeifunga kwa mwezi mmoja nikabadilisha asubuhi kwanza. Vipande viwili vya muhogo au jimbi la kuchemsha, na changu, dagaa, mayai au bakuli la choroko pembeni yake. Chai kijiko kimoja cha sukari. Kaimati ziwe za Ramadhani na za wageni, na zikifika siku hizo uzile kwa raha. Soda iache moja kwa moja, saa nne ukitaka kitu kula chungwa, usilikamue. Mchana nusu ya sahani iwe mchicha au matembele, samaki wako kamili, wali robo ya sahani na ushibe. Usiku kula chakula cha jioni kama watu, mbaazi na samaki, badala ya biskuti.

Angalizo moja kwenye mbaazi. Tui nalipenda na sitomkataza Mpemba tui, lakini kikombe kimoja cha tui zito kinapita kalori 400, na ukiliweka kila kwenye mchuzi, mboga na wali siku moja, mizani itasema. Chagua chungu kimoja cha kutia tui kwa siku, vingine vipike kwa kitunguu na ndimu.

Hukuniambia mtoto ana umri gani. Kama bado unamnyonyesha, 1,500 ni kujibana kupita kiasi na njaa yako ina haki yake. Na nenda kituo cha afya kilicho karibu wakupime sukari na presha. Ikiwa tayari unatumia vidonge vya sukari au sindano ya insulini, usibadili milo kabla ya kusema na daktari wako, maana dawa ile ile na chakula kidogo inaweza kukuangusha. Niandikie baada ya mwezi, na usinitajie kilo peke yake. Niambie saa tano usiku unakuwa wapi.

SWALI: Bibi, shikamoo. Nimesikia wali kiporo una kalori chache kuliko wali wa moto. Ni kweli, au ni maneno ya barazani?
Mwanafunzi, Mahonda

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Lina chembe ya ukweli. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya ikawa ngumu kusagwa, ikapita utumbo mwembamba bila kuguswa, na bakteria wazuri wa utumbo mpana wakaila. Hivyo sukari hupanda polepole kidogo, hata ukiupasha tena. Lakini punguzo la kalori ni dogo, halifai kukufanya uongeze sahani.

Linalonishughulisha zaidi ni wapi kiporo kimelala. Kuna kijidudu cha mchele ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha katika joto hili letu huzaana na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Ndiyo ile ya kutapika ambayo watu husema "chakula kimenikataa". Wali ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, uliwe kesho yake, na uupashe mara moja tu, mpaka uwe wa moto kabisa. Kama nyumbani hakuna friji, pikeni kiasi cha kumaliza, na kilichobaki wapeni kuku asubuhi.