Dereva wa semi: karatasi inaniita "mtoa huduma huru", nina haki za mwajiriwa?

SWALI: Habari wakili. Naendesha semi ya tajiri mmoja, Dar hadi Lubumbashi, huu mwaka wa nne. Alinisainisha karatasi inayosema mimi ni "mtoa huduma huru" na si mwajiriwa. Nalipwa kwa tripu. NSSF hakuna, likizo hakuna, utingo namlipa mwenyewe. Safari ya mwisho nimerudi, akadai mafuta yamepungua, akanikata laki nne kati ya laki sita. Kulalamika tu, akachukua funguo: "Wewe si mfanyakazi wangu, tulikuwa tunafanya biashara." Ni wiki mbili sasa. Nina cha kudai? Dereva, Mbagala.

JIBU: Ndugu dereva, kabla ya yote angalia kalenda. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi, kama hayo makato, yana siku 60. Wiki mbili umeshazila. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, ila atatakiwa kutoa sababu nzito, na kusubiri tajiri apoe hasira si sababu nzito.

Sasa hiyo karatasi. Kwa Tanzania Bara, jina ulilopewa kwenye mkataba halimalizi mjadala. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinasema anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba ulivyoandikwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na huyo mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu.

Jambo moja linatosha. Wewe unayo karibu yote. Kichwa chake, tela lake. Mzigo anautafuta yeye, bei anapatana yeye na mwenye mzigo, siku ya kupakia anakupangia yeye. Ukipaki Makambako kidogo tu, kama gari ina GPS, simu inaita: "Mbona umesimama?" Saa 45 unazimaliza kabla hujavuka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, tena foleni ya Tunduma hatujaihesabu.

Tajiri naye ana nafasi ya kupinga, na najua atakapokimbilia: kwa utingo. Atasema mtu anayeajiri msaidizi wake na kumlipa ni mfanyabiashara. Hoja hiyo si ya kudharau, kwa hiyo jiandae. Utingo ulimlipa kutoka wapi? Kama ni kwenye hela ya safari aliyokupa tajiri, na tajiri alimjua, akaandika jina lake kwenye karatasi za safari au aliwahi kukwambia "huyo simtaki, tafuta mwingine", hoja inalegea sana. Swali litakaloumiza zaidi ni hili: uliwahi kumpa dereva mwingine gari akaenda safari badala yako bila kumuuliza tajiri? Kama ndiyo, niambie mapema, nisije nikalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya mwamuzi.

Dereva huru wa kweli yupo. Ni yule mwenye Fuso yake, leo kabeba vitunguu vya dalali huyu, kesho saruji ya mwingine. Bei ikimchefua anakataa, gari ikifa spea ni juu yake. Huyo akija kwangu kudai likizo nitamrudisha nyumbani.

Kuna swali jingine ambalo mimi humuuliza tajiri. Kama huyu alikuwa mtoa huduma, kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yake uliikata lini? Mara nyingi hakuna zuio wala PAYE, yaani kodi ya mshahara wa mwajiriwa. "Biashara" inakumbukwa siku ya kumfukuza mtu tu.

Ukishahesabiwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inakufuata. Makato ya hasara, yakiwemo ya mafuta, yanahitaji ridhaa yako ya maandishi, maelezo ya maandishi ya kosa lako na hesabu ilivyopatikana, na nafasi ya kuyapinga. Hata ukiridhia, jumla yake haizidi robo ya ujira wako. Robo ya laki sita ni laki moja na nusu. Wewe umekatwa laki nne. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, yaani siku 21 kwa miaka yako mitatu. Michango ya NSSF ipeleke pia NSSF wenyewe, wana njia zao za kumbana mwajiri.

Kwa kuwa unalipwa kwa tripu, mahesabu haya hutazama ulichopata wiki 13 za mwisho. Hapo madereva wengi wanapunjwa, kwa sababu posho ya kula na kulala njiani haiingii kwenye mshahara wa msingi. Pitia miamala yako ya simu, tenganisha hela ya tripu na hela ya njiani. Kama vyote vilitumwa kwa mkupuo mmoja, tafuta ujumbe unaoonyesha mgawanyo.

Kusanya na barua ya kukutambulisha mpakani, karatasi za mizigo zenye jina lako, na meseji za ofisini, hasa za kukupangia safari. Usifute hata zile za matusi.

Kisha jaza Fomu Namba 1 ya CMA, mpelekee tajiri nakala kwanza na upate saini ya kupokea, ndipo uiwasilishe CMA. Akikataa kusaini, nenda na shahidi. Na akikuita ofisini ghafla akakurudishia zile laki nne pamoja na karatasi ya kusaini, isome mpaka mwisho. Ikiwa imeandikwa "nimelipwa haki zangu zote", usisaini.