Kabla hujampa fundi mwaka wa Kirumi auchonge

Bibi yetu alizaliwa 1949, akafariki 2014. Ukoo ulipokubaliana kumjengea kaburi, mimi ndiye niliyeomba miaka iandikwe kwa namba za Kirumi, kama nilivyoona kwenye makaburi ya mapadre. Nikamwandikia fundi kwenye kikaratasi: MCMIL – MMXIV. Akachonga vilevile kwenye marumaru, kwa mkono safi, akatia rangi ya dhahabu. Siku ya kubariki kaburi, baba mdogo, mwalimu mstaafu wa hisabati, akanivuta pembeni: "Mwanangu, hapa hujaandika arobaini na tisa." Ilibidi tununue marumaru nyingine, na mpaka leo inaniuma kwamba Bibi alikaa wiki tatu chini ya mwaka ambao si wake.

Namba za Kirumi ni herufi saba: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500, M ni 1000. Nilikosea hivi: 49 ni hamsini kasoro moja, basi nikaona I ikitangulia L inatosha. Sisi tumezoea kusema hivyo, saa mbili kasoro robo, elfu kumi kasoro mia. Namba za Kirumi haziruki hivyo. Ndogo ikitangulia kubwa huipunguza, lakini I inapunguza V na X tu, X inapunguza L na C tu, na C inapunguza D na M tu. V, L na D hazipunguzi kitu, wala hazirudiwi.

Kwa hiyo usiibebe namba nzima kichwani. Ivunje kama tulivyofundishwa darasani, maelfu, mamia, makumi, mamoja, kila fungu na mstari wake:

1000 = M
900 = CM
40 = XL
9 = IX

Halafu unganisha kutoka juu kwenda chini: MCMXLIX. Kila fungu linamalizwa lenyewe kabla hujagusa linalofuata, na hapo huwezi kuandika IL hata ukitaka. Kwa njia hiyohiyo 99 inakuwa XC na IX, yaani XCIX, si IC. Mwaka 1961 wa Uhuru wa Tanganyika ni M, CM, LX, I: MCMLXI. Ukikutana na sifuri, pita tu, haina alama yake. 2008 ni MM na VIII, basi.

Ukiona saa ya ukutani imeandikwa IIII badala ya IV, usidhani fundi saa kakosea. Ni desturi ya zamani sana. Hata kwenye milango ya Colosseum, ule uwanja wa kale kule Roma, namba 54 imechongwa LIIII. Ila kwa kaburi, cheti au jiwe la msingi, fuata mtindo tuliofundishwa shuleni: herufi moja isizidi tatu mfululizo.

Ukimaliza, mpe mtu mwingine aisome bila kumwambia mwaka. Asome kutoka kushoto akijumlisha, na akikuta ndogo imetangulia kubwa, atoe. Akipata mwaka uleule, mpelekee fundi. Mwenye kompyuta anaweza kuhakiki kwa Excel, aandike =ROMAN(1949), lakini jicho la mtu wa pili mimi siliruki tena.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii mpaka wamelipia jiwe ni nafasi. 2000 ni MM, herufi mbili. 1988 ni MCMLXXXVIII, herufi kumi na moja! Hesabu herufi za miaka yote miwili kabla ya kuchagua upana wa marumaru, la sivyo fundi atazibana mpaka zisisomeke. Na umwandikie kwa herufi kubwa zilizoachana, maana I na L zikikaa karibu kwa mwandiko wa haraka zinafanana.

Marumaru ya pili sikutuma kikaratasi. Nilikaa kwenye kigoda kando ya fundi nikimtajia herufi moja moja, naye akiirudia kwa sauti kabla ya kugonga patasi.