Mfumo ni wa bure, hela inatoka wapi?

Mdogo wangu, umeuliza utapataje hela kwa kuweka LineageOS, mfumo wa simu uliojengwa juu ya Android, kwenye simu za mtumba hapo kibandani kwako Moshi, wakati mfumo wenyewe ni wa bure. Usiuze mfumo, uza kazi. Google wanagawa msimbo wa Android bure, halafu wanavuna kwenye matangazo na Play Store. Kampuni ya Murena inauza simu zilizowekwa tayari /e/OS, mfumo mwingine wa bure wa aina hiyo, pamoja na hifadhi ya mtandaoni. Wewe nunua simu isiyopata tena masasisho, badilisha betri, weka mfumo, iuze na waranti ya miezi mitatu. Ila mteja aambiwe mapema: baadhi ya programu za benki hugoma humo. (M-Pesa ya *150*00# haina neno.) Mimi huku Arusha niliwahi kunyamaza, kesho yake asubuhi mteja huyo mlangoni, kafura.